Tukiwa Tisa, Tunamsubiri wa Kumi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha ya Sinagogi

Maswali haya nimeulizwa ofisini, kwenye matatu, na zaidi ya yote misibani, pale mtu anapogundua kwamba mwenzake anayeondoka kazini mapema kila Ijumaa ni Myahudi. Ninajibu kwa nafsi yangu kama mwanajumuiya wa kawaida. Sisemi kwa niaba ya rabi wala kamati yoyote.

Sinagogi ni kanisa la Kiyahudi?

Hapana, ingawa ninamwelewa anayeuliza. Siku hizi yapo makanisa yenye neno sinagogi kwenye mabango yao, na mengine hupuliza pembe ya kondoo dume na kutundika bendera ya Israeli. Hayo ni makanisa, yanamhubiri Yesu. Wasabato nao ni Wakristo, ingawa siku yao ya ibada ni moja na yetu.

Sinagogi ni nyumba ya kusalia, kusomea na kukutania. Ukiingia hutaona sanamu wala picha ya mtu. Utaona kabati lenye hati za kukunja za Torati, mbele yake taa isiyozimwa, na katikati au mbele meza ya kusomea. Kabati huwekwa upande wa Yerusalemu, ambao kwa Nairobi ni kaskazini, karibu sawa kabisa na kibla cha misikiti ya mjini. Rabi si kasisi. Ni mwalimu na mjuzi wa sheria, na sala inaweza kuongozwa na mwanajumuiya yeyote anayeijua. Jumuiya nyingi ndogo hukaa miaka bila rabi na mambo yakaenda.

Kwani Afrika Mashariki kuna Wayahudi?

Wapo, wachache, na kila kundi lina njia yake ya kufika.

Nairobi walianza na reli na biashara. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni Joseph Chamberlain, ilimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, makazi ya Wayahudi waliokuwa wakishambuliwa Urusi. Mpango uliitwa wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mkutano Mkuu wa Wazayuni uliukataa mwaka 1905. Hata hivyo familia chache zilikuwa zimeshakuja kwa hiari yao, na Nairobi Hebrew Congregation ilianzishwa 1904. Katika miaka ya 1930 wakaongezeka waliomkimbia Hitler. Jengo la sasa, lile la karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, ni la miaka ya 1950. Watu hulipita kila siku wakiwa kwenye foleni ya magari bila kujua ni la nani.

Mbale, mashariki mwa Uganda, hadithi ni nyingine kabisa. Hakuna aliyewapelekea dini ile. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka sehemu ile ya nchi, kisha akakosana nao. Akaisoma Biblia kwa makini yake mwenyewe, akaamua kwamba sheria za Musa ni za kushikwa kama zilivyoandikwa. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Alipofariki mwaka 1928 aliwaachia jumuiya na kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda.

Kisha akaja Idi Amin, akapiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, na waumini waliokuwa maelfu wakabaki mamia. Waliobaki walisali kwa siri, majumbani. Hapa Mtanzania anayesoma anahusika moja kwa moja: majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku ile ile Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa ikiingia, sikukuu ya kutoka utumwani. Sijui kama kuna jumuiya nyingine ya karne ile iliyopata sababu ya namna hiyo ya kuimba.

Lubumbashi nako, kwenye Kiswahili chake cha Katanga, lipo sinagogi la takriban mwaka 1930 lililojengwa na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Ndugu zao waliobaki kisiwani walipelekwa Auschwitz mwaka 1944.

Kwa nini mnahesabuhesabu watu kabla ya sala?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana jibu lake ndilo jibu la yote.

Myahudi anaweza kusali peke yake, na wengi husali hivyo. Lakini baadhi ya mambo hayafanyiki bila watu wazima kumi: kuitoa Torati na kuisoma hadharani, zile sehemu za sala za kumtakasa Mungu kwa kuitikiana, na Kadishi ambayo wafiwa huisoma. Tukiwa tisa, tunakaa tunasubiri. Mmoja anachungulia mlangoni. Mwingine, kama si Sabato, anampigia simu yule anayeishi karibu na anayejulikana kwa kuchelewa kuamka. Akifika wa kumi, hata kama ni mtalii aliyevaa mavazi ya safari na hajui kitabu kimeshikwa juu au chini, anapokewa kama bwana harusi.

Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa na msemo kwamba marabi tisa hawatoshi kusali, lakini washona viatu kumi wanatosha. Elimu yako haikufanyi uhesabiwe mara mbili. Tajiri ni mmoja, mwanafunzi ni mmoja, na yule msiyeelewana naye tangu mkutano mkuu wa mwaka jana naye ni mmoja, na leo unamhitaji.

Katika miji mikubwa yenye Wayahudi wengi mtu anaweza kukosa mwezi mzima asijulikane. Kwenye jumuiya ndogo ukikosa, sala inakosa. Wageni huliona hilo kama mzigo. Mimi nasema ndiyo furaha yenyewe: kuna mahali duniani ambapo kuwepo kwako, bila kufanya lolote la maana, kunakamilisha jambo la watu wengine.

Wanawake wanahesabiwa?

Inategemea. Jumuiya za mrengo wa kale, Waorthodoksi, huhesabu wanaume tu, na wanawake hukaa upande wao. Za mirengo mingine huhesabu wote sawa, na wanawake husoma Torati na kuwa marabi. Nairobi desturi ni ya Kiorthodoksi. Sinagogi kuu la Abayudaya kwenye kilima cha Nabugoye linafuata mrengo wa Conservative, na wanawake wanahesabiwa. Ila Abayudaya wa Putti, si mbali na hapo, wameshika Uorthodoksi.

Sabato si siku ya makatazo tu?

Ukisoma orodha, ni makatazo. Hakuna kuwasha moto, kupika, kuandika, kununua, kuendesha gari kwa anayeshika kikamilifu, wala simu. Ukiishi ndani yake mambo hugeuka.

Sabato huingia Ijumaa jua linapozama, na huku kwetu karibu na ikweta tuna neema ambayo wenzetu hawana. London wakati wa kiangazi Sabato inaingia baada ya saa tatu usiku, watoto wameshachoka, na Desemba inaingia kabla ya saa kumi jioni watu wakiwa bado kazini. Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa tofauti ya dakika chache. Mishumaa inawashwa kabla ya hapo, na unajua tangu Januari utakuwa wapi kila Ijumaa jioni.

Basi foleni za Ijumaa unazipigania, unafika umelowa jasho, unaingia, na watu wameshaanza kuimba. Wanamkaribisha bibi harusi, maana Sabato huimbiwa hivyo, na kwenye ubeti wa mwisho wote wanageukia mlango. Mbale wimbo huo una mdundo wao, na zaburi zao za Kiganda zina mwitikio unaokuinua kitini. Nyimbo zao zilirekodiwa, santuri ikatolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Jumamosi asubuhi sala ni ndefu, saa mbili au tatu, na sitajifanya kwamba hakuna anayesinzia. Baada yake ndipo panapoanza mambo: Kidushi. Divai inabarikiwa, vyakula vinafunuliwa, na watu wanakaa kuzungumza bila mtu kuangalia simu. Nani amepata mtoto, nani anatafuta nyumba, ni nani aliyeonekana hospitali. Ukitaka kujua kama jumuiya iko hai, usiihukumu kwa sala. Angalia watu wanachukua muda gani kuondoka baada ya Kidushi.

Usiku nyota tatu zikionekana, Sabato inaagwa kwa divai, mshumaa wenye tambi zilizosukwa pamoja, na manukato ya kunusa. Mahali pengi duniani manukato hayo ni karafuu. Mzanzibari anaweza kucheka: hata nyumba ya Myahudi wa Chicago, Jumamosi usiku, hunukia kama gati la Malindi, Unguja.

Chakula chenu ni kama halali?

Vinakaribiana lakini si kimoja. Nguruwe hapana, damu hapana, na mnyama huchinjwa kwa kisu kikali na mtu aliyefunzwa. Sisi tunaongeza: nyama na maziwa havichanganywi, na samaki lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo kamba, kaa na pweza hatuli. Kwa aliyezaliwa Pwani huo ni mtihani mkubwa kuliko nguruwe. Kwenye hafla za pamoja samaki mwenye magamba na mboga humaliza ubishi.

Ni lazima niwe na imani thabiti na nijue Kiebrania?

Kiebrania utajifunza ukikaa, vitabu vingi vina tafsiri ukurasa wa pili. Kuhusu imani, nitasema tu kwamba sijawahi kuona mtu akiulizwa mlangoni anaamini nini. Huulizwa kama ameshakula. Kusoma kwetu kwenyewe ni kwa kubishana: watu wawili, kitabu kimoja, kila mmoja akimtafutia mwenzake kasoro. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale kuhusu sheria, yote imejaa hoja zilizoshindwa, nazo zimehifadhiwa kwa heshima pamoja na zilizoshinda.

Watoto hawachoki?

Watoto ndio wenye sinagogi. Usiku wa Pasaka hadithi ya kutoka Misri haianzi mpaka mdogo kuliko wote ameuliza maswali manne, yote chini ya swali moja kubwa, kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote, na wazee wote mezani wanalazimika kumjibu. Usiku huo kipande cha mkate usiotiwa chachu kinafichwa, na mlo hauwezi kumalizika mpaka kipatikane, kwa hiyo mtoto aliyekipata anaweza kudai zawadi naye akapewa. Wakati wa Purimu kitabu cha Esta kinasomwa kwa sauti na kila likitajwa jina la Hamani, aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, watu wanapiga makelele, njuga na masufuria ili jina lisisikike. Mtoto aliyekatazwa kelele mwaka mzima siku hiyo anaagizwa azipige.

Mvulana akitimiza miaka 13, na msichana 12 au 13 kulingana na jumuiya, anakuwa mtu mzima mbele ya sheria. Kwa kawaida husherehekewa kwa kupanda kwenye meza na kusoma. Nimeona wavulana wakitetemeka mpaka ukurasa unatetemeka nao, na kina bibi upande wa pili wakisogeza midomo kumsaidia. Akimaliza anarushiwa peremende. Kuanzia hapo naye anahesabiwa, na wiki ijayo simu ya "tuko tisa, njoo" inaweza kumwamsha yeye.

Sikukuu gani ni ya furaha kuliko zote?

Kwangu ni Simhati Tora. Torati imegawanywa katika sehemu 54 zinazosomwa mwaka mzima, na siku hiyo tunasoma maneno ya mwisho, Musa anafariki, na papo hapo bila kupumzika tunarudi "Hapo mwanzo". Hati zote zinatolewa kabatini na watu wanacheza nazo mikononi, wakizunguka na kuzunguka. Kila hati imeandikwa kwa mkono kwenye ngozi, herufi zaidi ya 300,000, kazi ya takriban mwaka mzima wa mwandishi, na herufi moja ikikosekana haisomwi mpaka itengenezwe. Kwa hiyo unacheza kwa furaha na kwa hofu, maana ni nzito.

Inakuja mwishoni mwa Sikukuu ya Vibanda, ambapo familia hula siku saba ndani ya kibanda kilichoezekwa matawi na majani yaliyokatwa, wazi kiasi cha kuona nyota. Mwisho wa sikukuu hiyo, Septemba au Oktoba, tunaanza kuomba mvua, na Pasaka ikifika tunaacha na kuomba umande, kwa sababu majira yanayofuatwa ni ya nchi ya Israeli. Ombi la vuli linaangukia pazuri. La Aprili linatuchekesha: tunaaga mvua wakati masika yanagonga bati mpaka kiongozi wa sala hasikiki.

Mtu akifariki mnafanyaje?

Tunazika haraka, siku hiyo au kesho yake ikiwezekana. Kikundi cha wanajumuiya wa kujitolea kiitwacho hevra kadisha huosha maiti, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na kumvika sanda nyeupe ya kawaida, ile ile kwa maskini na tajiri. Muislamu akisikia haya huwa haulizi zaidi. Kazi hii huhesabiwa kuwa wema wa kweli kuliko wote, kwa sababu anayetendewa hawezi kurudisha shukrani. Wanaoifanya hawajitangazi, na unaweza kukaa na mtu miaka bila kujua kwamba yumo.

Baada ya maziko wafiwa hukaa nyumbani siku saba. Kwa mlo wa kwanza hawapaswi kupika wala kula chakula chao wenyewe. Majirani huleta, kwa desturi mayai ya kuchemsha au dengu, vitu vya mviringo. Anayekuja kutoa pole hafungui mazungumzo, hukaa kimya mpaka mfiwa aseme. Kwa watu wanaojua matanga, wingi wa watu na chakula si vigeni. Kigeni ni huo ukimya wa mgeni, na ukishauzoea utajua kwa nini upo: haukulazimishi ujibu "namshukuru Mungu" kabla hujawa tayari.

Kisha inakuja Kadishi. Mtoto aliyefiwa na mzazi huisoma kwa miezi 11. Iko kwa Kiaramu, na ndani yake kifo hakitajwi hata kwa neno moja, ni sifa za Mungu tupu. Na kama nilivyosema, haisomwi bila watu kumi. Maana yake mfiwa hawezi kujifungia ndani, ni lazima atoke. Na watu tisa wengine ni lazima waamke mapema kwa ajili yake, asubuhi ya kazi, kwa miezi kumi na moja. Rafiki yangu mmoja hakuwa mtu wa sala hata kidogo mpaka alipofiwa na baba yake. Alipomaliza miezi yake alitushangaza kwa kuendelea kuja. Alisema kuna kijana aliyefiwa wiki mbili zilizopita, na asubuhi hizo watu huwa wachache.

Mnatoa zaka?

Siku ya Sabato fedha hazishikwi, kwa hiyo hakuna kikapu kinachopitishwa. Sinagogi kwa kawaida huendeshwa kwa ada ya mwaka, na asiyeweza huzungumza na mweka hazina, akapunguziwa bila kutangazwa. Juu ya ada kuna michango: ya paa, ya mlinzi, ya mgonjwa. Mikutano ya kamati kuhusu paa ni mirefu kuliko sala ya Siku ya Upatanisho, na siku ile tunafunga saa 25.

Hamgombani?

Tunagombana sana. Nani aongoze, wimbo wa zamani au mpya, dirisha lifunguliwe au lifungwe, nani aliahidi kuleta mkate. Jumuiya ndogo haikupi nafasi ya kumkwepa mtu. Wapo walioumizwa wakaondoka na hawakurudi, na sitaki kuficha hilo. Lakini nimeona pia watu wawili wasiosemeshana wakishika pande mbili za jeneza moja.

Abayudaya wanatambuliwa kuwa Wayahudi?

Na wengi, ndiyo, si na wote. Mwaka 2002 jopo la marabi wa Conservative lilisimamia uongofu rasmi wa mamia yao. Gershom Sizomu, ambaye mamlaka ya Amin ilimkuta akiwa mtoto, alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge nchini Uganda. Mwaka huo huo lilifunguliwa sinagogi jipya la Nabugoye. Hata hivyo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli imekuwa ngumu kuwapa haki ya kuhamia, na Waorthodoksi wengi hawautambui uongofu wa mirengo mingine. Mimi naona miaka ya Amin ilikuwa mtihani ambao wengi wetu hatujawahi kuufanya.

Na hawaishi peke yao kilimani. Mwaka 2004 J.J. Keki, mmoja wa wazee wao, aliwakusanya wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa miteremko ya Mlima Elgon kuunda ushirika wa Peace Kawomera ili wauze pamoja kwa bei ya haki.

Naweza kujiunga?

Unaweza, lakini hatutakuvuta. Hatuendi nyumba kwa nyumba, na kwa desturi rabi humkatisha tamaa anayeomba ili aone kama amedhamiria. Atakayebaki husoma kwa mwaka au zaidi, akiishi mzunguko mzima wa sikukuu, kisha husimama mbele ya marabi watatu. Mwanaume hutahiriwa, na wote huzama katika maji ya mikve, bwawa la kujitakasa. Asiye Myahudi hahitaji kuwa Myahudi ili apate mema kwa Mungu, hayo ndiyo mafundisho yetu, kwa hiyo hakuna haraka.

Nataka kutembelea tu. Nifanyeje?

Andika mapema, siku kadhaa kabla, ujitambulishe na useme kwa nini unakuja. Usije ghafla. Masinagogi yameshambuliwa katika nchi nyingi, na walinzi watakuuliza maswali ambayo kanisani au msikitini huenda usingeulizwa. Usiyachukulie vibaya. Beba kitambulisho au pasipoti, vaa kwa staha, na mwanaume atapewa kikofia langoni kama hana. Zima simu, usipige picha, usiandike. Wakisimama simama, wakikaa kaa.

Walio Ghuba wana njia rahisi zaidi: Abu Dhabi, kwenye Abrahamic Family House iliyofunguliwa 2023, msikiti, kanisa na sinagogi vimejengwa jirani na wageni hukaribishwa.

Nikisalimiwa "Shabat shalom" nijibu nini?

"Shabat shalom." Kisha usiondoke kabla ya Kidushi. Ukikimbia, wenyeji wataamini umekasirika, na wiki nzima watajadili ni nani aliyekuudhi.